Bomba Lenye Tumbo

Nyumbani, chini ya mlima
3 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua hii unaandikiwa na fundi bora kuliko wote waliowahi kuzaliwa upande huu wa mto. Upande wa pili sijaulizia, lakini nasikia wameshaanza kuwa na wasiwasi. Ile injini uliyoniletea kwenye boksi, ambayo fundi baiskeli alisema kuifunga ni kazi ya kutwa nzima, mimi niliifunga kabla chai haijapoa, na zikabaki nati nne ambazo kiwanda kiliziweka kwa kunidharau tu. Mama anasema mbili kati ya hizo ni za breki. Tumezirudisha, ili roho yake itulie.

Nakuandikia kwa sababu simu haitusaidii. Mara ya mwisho nilikupigia kelele kuhusu kabureta mpaka majirani wakatoka nje, ukanijibu kwamba na wewe umeshakula.

Sasa sikiliza, yaani soma. Baiskeli inakwenda. Kwenye tambarare inakwenda kiasi kwamba mbwa wa kinyozi, ambaye hajawahi kushindwa na chochote chenye magurudumu, siku hizi akiniona anajifanya amelala. Kazi ipo mlimani. Unaujua mlima wetu: unapanda kistaarabu mpaka ukuta wa chuo cha ushonaji, halafu inakuja ile kona. Nikiwa peke yangu napita. Nikifunga furushi la mashuka kwenye keria, injini ikifika konani inakohoa kama mzee aliyepaliwa, inazima, na mimi na Mama tunaisukuma mpaka juu kama ng'ombe aliyegoma.

Na lazima ipande. Nyumba ya wageni ya huko juu imepata meneja mpya, mama mmoja mwenye kalamu mbili mfukoni, na zote zinaandika. Amemwambia Mama kwamba mashuka yakiendelea kufika mchana, kazi anawapa madobi wa mjini wenye mashine na gari. Shingo ya Mama unaijua. Daktari alimkataza kubeba kitu kichwani, akaitikia vizuri kabisa, akatoka nje akajitwika.

Basi dawa nimeipata. Kwenye duka la vipuri kuna ekzosi imetundikwa dirishani, ina tumbo katikati kama nyoka aliyemeza yai, inang'aa mpaka nikachania nywele pale pale. Muuzaji anasema hizi injini za mapigo mawili, za kuchanganya oili kwenye petroli, ukizivua lile bomba jembamba zinalozaliwa nalo ukazivalisha lenye tumbo, zinakuwa mnyama mwingine. Hili ni fupi, limejikunja vizuri, linalia kama nyigu. Naomba baraka zako tu. Kama baraka zitakuja kwenye bahasha nene, sitazirudisha.

Mpwa wako,
Risasi
(jina nimejipa mwenyewe, watu wanachelewa tu kulizoea)


Stoo ya vyombo vya bendi
11 Machi

Risasi,

Marahaba. Jina ulilopewa na bibi yako sitaliandika hapa, maana kondakta wa basi anayekuletea barua hii ana mdomo, na najua utanishukuru.

Hujambo? Mimi sijambo. Masikio ndiyo yameniacha. Ukikaa mbele ya mpiga ngoma nusu ya maisha yako, mmoja wenu lazima ashinde. Tromboni sipulizi tena, lakini kiongozi wa bendi ameniachia stoo na ufunguo wake: nanyoosha matarumbeta yaliyobonyea, natia risasi za kuungia, na kila chombo kabla hakijatoka, mimi ndiye wa kusema kiko sawa au kimepotoka. Mwenzangu anapuliza, mimi naweka kidole juu ya bati. Nasikia kwa kidole. Kwa hiyo uniamini ninapokuambia: lile la dirishani usinunue.

Sio baya. Ni bomba la mtu mwingine. Moshi hautoki kwenye silinda kama maji kwenye ndoo. Unatoka kwa kishindo, na kishindo kinasafiri. Kikikuta bomba linapanuka, kinavuta nyuma yake uchafu wote uliobaki, silinda inakuwa safi. Petroli mpya inaingia, na nyingine kwa haraka zake inapitiliza, inataka kutokea mlango wa moshi bila kuungua. Hapo ndipo tumbo linapokula mshahara wake. Kile kishindo kinafika mbele ambako bomba linabana tena, kinagonga, kinarudi mbio, kinaikuta petroli mlangoni na kuisukuma ndani kabla pistoni haijafunga. Ni kama mgeni anayetaka kuondoka kabla ya kula: anakutana na mama mwenye nyumba kizingitini, anarudishwa mezani.

Mambo yote ni muda. Bomba fupi, kishindo kinarudi upesi, kinamfaa kijana asiye na mzigo anayezungusha injini mpaka ipige mayowe. Bomba refu, kishindo kinachelewa kidogo, kinaifaa injini inayozunguka polepole, imebeba mashuka, imekaza meno konani. Dada yangu hashindani na nyigu. Lako liwe refu.

Refu kiasi gani, sijui, na atakayekuambia anajua bila kuiona kona yenu, mnunulie chai umwache hapo hapo. Fanya kama tromboni. Kipande kinachotoka kwenye injini kiwe mirija miwili, mmoja unateleza ndani ya mwingine, na klempu ya kubana. Ukivuta, bomba linarefuka. Ukisukuma, linafupika. Jaribu mlimani mpaka liimbe, ndipo uchomelee. Mirija ya chuma inayoteleza nimempa kondakta. Koni mbili, ya kupanuka na ya kubana, usimpelekee mchomeleaji wa mageti. Tafuta mtu wa faneli.

Jambo la mwisho. Mlio wake siwezi kuusikia, kwa hiyo uandike. Usiniambie "mlio mzuri sana", hilo hata muuzaji wa dirishani analisema. Andika unavyotoka, herufi kwa herufi, na wapi unageuka. Nitausoma.

Mjomba wako,
Mtu wa Mabomba


Nyumbani
20 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mirija imefika. Kondakta aliniuliza ni ya nini, nikamwambia ni mambo ya anga, akanipa heshima zangu.

Mtu wa faneli nimempata, na nakuambia ukweli, nilidhani mimi ndiye mwenye majigambo kuliko wote mtaani, kumbe nilikuwa naishi nyumba ya pili. Wanamwita Mama Faneli. Kibanda chake kiko nyuma ya maghala, kimejaa makopo ya kumwagilia, mifereji, taa na faneli za ukubwa wote, za kutia mafuta kwenye chupa mpaka ile ambayo mtoto anaweza kuogea. Nilipomwambia nataka koni kwa ajili ya ekzosi akasema mvua ya mtaa huu haikuwa inajua njia, yeye ndiye aliyeifundisha kuteremka kwenye mfereji. Nikamjibu kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mbwa wa kinyozi kulala. Akaacha nyundo akaniangalia vizuri.

"Kaa chini," akasema. "Wewe unaongopa kwa nidhamu."

Nilikuwa nimebeba bati la paa. Akalitupa nje. Alisema bati lile lina ngozi nyeupe juu, ukilichomelea linatoa moshi unaokulaza kitandani, na yeye hana nafasi ya kuuguza mtoto wa mtu. Akatoa ubavu wa friji la zamani, akaukwangua rangi mpaka chuma kikaonekana uchi. Hapo, mjomba, ungekuwepo. Alipigilia msumari mmoja, akafunga uzi, akafunga chaki, akazungusha upinde mkubwa, akazungusha upinde mdogo, akakata kitu kama upepeo wa kupepea moto. Mimi nikasema, kwa heshima, kwamba nilitaka koni, sio upepeo. Alilaza ule upepeo juu ya chuma cha mviringo akaanza kuugonga kwa nyundo ya mbao, tako, tako, tako, hana haraka, kama mtu anayembembeleza mtoto. Chuma kikajikunja chenyewe. Kingo mbili zikaja zikakutana bila hata nafasi ya kupitisha kucha. Nimekaa nimetoa macho. Mimi kusifia mtu mwingine huwa naumwa tumbo, lakini pale sikuumwa.

Tulifanya ya kupanuka ndefu na ya kubana fupi zaidi, katikati tumbo, mwisho mrija mwembamba wa kupumulia. Mchomeleaji wa gesi wa jirani aliziunga huku Mama Faneli amesimama juu ya kichwa chake anamwambia asimuunguzie watoto.

Sasa mlio, nikiwa nimesukuma tromboni yako ndani yote, yaani fupi kabisa, kwa sababu moyo wangu bado ulikuwa dirishani.

Ikiwa imesimama: bu-bu-bu-bu, kama mtu anaongea amejaza mdomo.
Tambarare, nakaza mafuta: bu-bu-bwa-bwa, halafu inakuwa kama imesahau ilichotaka kusema, halafu kwa ghafla kweeeeeee, na kofia yangu ikabaki nyuma.
Konani, furushi limefungwa: bwa, bwa, bu, bu, b.

Ile b ya mwisho ndipo ilipozima. Mama, aliyekuwa anatufuata kwa miguu, akaja akaanza kusukuma. Meneja wa kalamu mbili alikuwa getini anatazama saa.

Mpwa wako,
Risasi, Fundi wa Anga


Stoo ya vyombo
28 Machi

Fundi wa Anga,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti stoo nzima, bu-bu-bwa-bwa, mpaka mpiga ngoma akaja kuuliza kama nina homa. Nimwambie nini? Nilikuwa na furaha. Tangu masikio yafungwe sijasikia chombo kipya, na hiki nimekisikia chote.

Pale uliposema imesahau ilichotaka kusema, hapo ndipo pana bonde, yaani mahali nguvu inapokatika. Chini ya bonde injini inajikokota, juu yake inaimba. Wewe umeliweka bonde lako juu sana, ndiyo maana mzigo unaporudisha kasi chini, unaangukia ndani yake. Vuta mrija nje upana wa vidole vitatu. Sio vya kwako, vya Mama Faneli, vya kwako naona bado vinakua. Bonde litashuka chini, na wimbo utaanza mapema. Haitapiga kweee tena. Itavuma. Ikivuma, hapo ndipo.

Lakini usidanganyike, bonde haliondoki. Kila bomba lenye tumbo linalo lake, hata yale ya mashindano. Unalisogeza tu. Kwa hiyo konani, ukiwa na furushi, usisubiri injini ilegee. Mara tu unapoanza kuusikia mlio unashuka, piga pedeli mizunguko michache uivushe. Ni baiskeli, ina pedeli, walioiunda hawakuwa wajinga. Ikishika, iachie ifanye kazi yake.

Na pale mwisho weka sailensa. Wageni wanalala.

Ikivuma vizuri mara kadhaa, na mzigo juu, chomelea mrija usiteleze tena. Nionyeshe mlio kwanza.

Mwambie Mama Faneli koni zake nimezipenda bila kuziona, na kwamba mimi ni mjane.

Mjomba wako,
Mtu wa Mabomba


Nyumbani
8 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kaa kwenye kiti. Umekaa?

Imepanda.

Nilivuta vidole vitatu vya Mama Faneli, ambavyo kwa kweli ni vidole vinne vya binadamu wa kawaida. Nikatoka alfajiri, barabara haina mtu, furushi la taulo nilizozilowesha makusudi ili ziwe nzito. Mlio huu hapa, nimeurudia mara nyingi ili usikose herufi:

Bu-bu-bwa-bwa-bwaa-mmmmmmmmmm.

Nikapita ukuta wa chuo cha ushonaji, konani nikafanya ulivyosema, ikashika, mmmmmm, nikapita geti la nyumba ya wageni, nikapita na nyumba ambazo sikuwa najua kwamba zipo, kwa sababu kabla ya hapo hakuna mtu wa huku chini aliyekuwa na pumzi ya kufika huko. Nikarudi nikapanda tena. Mara ya tatu Mama alikuwa amesimama mlangoni, povu limemfika viwikoni, ameinamisha kichwa anasikiliza. Nikamuuliza unaonaje. Akasema, "Hiyo ni sauti ya mtu aliyeshiba." Halafu akaingia ndani akaanza kuimba kwenye mabeseni. Mjomba, sijamsikia akiimba tangu shingo ianze.

Mama Faneli amekuja mwenyewe kuliona. Alizunguka baiskeli, akagonga tumbo la bomba kwa ukucha, akatoa patasi ndogo akachora alama yake ubavuni, kama mchoraji. Nilimwambia salamu zako. Anasema wajane anao wengi, lakini mwenye kusikia kwa kidole hana. Hilo mtamalizana wenyewe.

Sailensa nimeweka. Hata aliyelala hageuki.

Mchomeleaji ameshafunga mrija. Jumamosi ndiyo siku. Nyumba ya wageni imejaa watu wa mkutano, mashuka yote ya vyumba vyote tunayo sisi, na Meneja amemwambia Mama maneno machache tu: "Yakifika kabla ya saa nne, kazi ni yako mpaka utakapochoka mwenyewe. Yasipofika, usinilaumu." Mimi nimemwambia Mama asitoke hata nje. Akae, anyooshe shingo. Mwanawe anapeleka.

Wasichana wa chuo cha ushonaji walisimama ukutani juzi wakaniuliza hiki ni baiskeli au pikipiki. Nimewaelimisha.

Mpwa wako,
Risasi, Injinia Mkuu wa Mlima Mzima


Nyumbani
15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Jumamosi haikwenda vizuri. Injini ilizima konani, baiskeli ikarudi nyuma, kamba ikakatika, furushi likafunguka mtaroni. Mvua ilikuwa imenyesha. Mama ameyafua yote upya. Yamefika jioni. Meneja hakufoka, ingekuwa afadhali angefoka.

Nadhani bomba lilikuwa fupi kidogo, au refu kidogo. Mambo ya vipimo tu.

Goti limechubuka, linapona.

Mpwa wako,
R.


Kwangu
22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko urefu wake.

Kosa si lako, ni langu. Uliniandikia mmmm nikaona raha, nikakuacha uchomelee. Ningetakiwa nikuulize ile m ilianza juu au chini, ilikaa muda gani, ilitetemeka au la. Sikuuliza kwa sababu nilijiona nimesikia. Mtu asiyesikia akijiona amesikia, anaangusha mashuka ya dada yake mtaroni akiwa amekaa mbali, mikono misafi.

Jana kiongozi wa bendi aliniletea tromboni ya kijana mpya. Akapuliza, nikaweka kidole. Kidole kikaniambia iko sawa, na kwa mara ya kwanza sikukiamini. Nikamwambia kiongozi atafute mwingine wa kazi hiyo. Alinibishia, lakini ufunguo wa stoo nimemrudishia. Ndiyo maana barua hii inatoka nyumbani.

Usimguse Mama Faneli kwa lawama. Koni hazina kosa. Kata pale kwenye maungio, rudisha bomba la zamani, na mwambie dada anisamehe. Nitakuja kumwomba mwenyewe nikipata uso wa kumwangalia.

Goti lioshe kwa maji ya chumvi.

Mjomba wako


Nyumbani
29 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, shingo inaendelea. Unajua sipendi kuandika, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Kijana hataki kunionyesha barua yako ya mwisho. Anasema ni mambo ya ufundi. Anakula nusu, na hajisifu. Leo asubuhi nimemuuliza nani fundi bora upande huu wa mto, akasema hajui. Nimeshtuka kuliko kama angekuwa na homa.

Mashuka yamekwenda kwa watu wa gari. Meneja ametuachia taulo na vitambaa vya meza, kwa huruma, na huruma siipendi lakini nimeipokea. Juzi taulo zilikuwa tayari, kijana amejifungia kwenye banda, baiskeli imeegeshwa tu. Nikaona, si nilikuwa naendesha baiskeli nikiwa msichana? Wewe ulikuwa unakaa nyuma unalia. Nikafunga furushi, nikapanda.

Watu walitoka kuangalia. Nikawaambia waangalie vizuri, tiketi ni bure. Pale kwenye kona nilifanya kama ulivyoandika, maana barua yako ile ya pili ya mambo ya bonde ameibandika ukutani kwenye banda na mimi huwa naisoma nikianika nguo. Mlio ulipoanza kushuka nikapiga pedeli mara tatu, likashika, likanibeba mpaka juu kama mtu aliyetumwa kunichukua. Nimepanda tena jana na leo. Nimefika mpaka zile nyumba za juu kabisa, na mbili wameshanipa nguo zao.

Sasa nieleze wewe mwenye kujua mabomba. Kijana anasema bomba lina kosa la vipimo. Mbona kwangu linapanda? Ni kwa kuwa mimi ni mwepesi?

Dada yako


Kwangu
6 Mei

Mpwa wangu,

Mama yako konani anapiga pedeli.

Wewe?

Mjomba wako


Nyumbani
13 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili, vaa viatu, nenda kwa kiongozi wa bendi, chukua ufunguo wako wa stoo. Kama amempa mtu mwingine, mwonyeshe barua hii. Nitasubiri hapa chini.

Umerudi? Haya.

Kidole chako hakijakosea. Vidole vitatu vilikuwa vitatu, mmmm ilikuwa mmmm, na ile tromboni ya kijana mpya naapa iko sawa bila hata kuiona. Bomba hili ni kitu kizuri kuliko vyote ambavyo mkono wangu umewahi kugusa. Na wala siongezi chumvi, mwenyewe unaona leo chumvi sina. Mama anapanda nalo kila asubuhi. Amekuwa mtu wa kuangaliwa. Anapita na gauni lake la kufulia, furushi nyuma limempita kimo, anapiga pedeli mbele ya kila mtu kama anashona cherehani, na injini ikishika anaachia miguu inaning'inia, anaimba. Kinyozi anatoka nje na mkasi mkononi. Mbwa wake ameanza tena kukimbiza, lakini kwa Mama anakimbia pembeni, kama msindikizaji. Mama Faneli amefunga kibanda siku moja nzima kuja kukaa konani amtazame. Aliniambia, "Bomba nimetengeneza mimi, mlima ameutengeneza mama yako." Alitaka nijibu kitu cha kujigamba, akasubiri. Nikarudi kwenye mabeseni.

Mimi siku hizi nafua. Nimeomba mwenyewe. Mashuka hayajarudi, Meneja amesema mkataba na watu wa gari umeshasainiwa na hauwezi kuvunjwa, na kalamu zote mbili alikuwa nazo mkononi. Mama hajaniuliza kilichotokea Jumamosi ile, na hiyo ndiyo inanichoma. Angeuliza ningeongopa, ningepumua.

Basi nakwambia wewe. Leo jioni namwambia na yeye, nimeona nianze na wa mbali.

Siku ya majaribio, ile alfajiri, nilipiga pedeli. Hata sikufikiria. Barabara ilikuwa tupu, nikapiga kama ulivyoandika, likashika. Unakumbuka nilikuandikia tu "nikafanya ulivyosema". Sikutaka kuandika neno lenyewe, hata kwenye karatasi lilinifanya nionekane mdogo.

Jumamosi niliondoka mapema, mashuka yote juu ya keria, muda nilikuwa nao wa kutosha na kubaki. Injini inavuma. Nikafika ukuta wa chuo cha ushonaji, geti lao halijafunguliwa, wasichana wote wamekaa juu ya ukuta, safu nzima. Wale niliowaelimisha. Niliwaambia hii ni pikipiki kamili, pedeli ni urembo tu, kiwanda huwa kinaziacha kwa mazoea.

Kona ikaanza. Mlio ukaanza kushuka, mmm, bwaa, bwa. Niliusikia, mjomba. Niliusikia vizuri kuliko siku zote, nikalijua lile bonde linakuja, nikaikumbuka barua yako ilivyo ukutani mpaka na mahali ilipochanika. Miguu ilikuwa juu ya pedeli tayari. Msichana mmoja akasema, wala sio kwa ubaya, "Mbona kama inachoka?" Nikacheka. Nikainyoosha miguu mbele, mbali na pedeli, kama wanavyokaa wenye pikipiki kubwa, nikakaza mafuta mpaka mwisho.

Bu. Bu. B.

Bomba lilitaka mizunguko mitatu tu, mjomba. Nikalinyima.

Mpwa wako